Ramani Iliyopigwa Teke: Uchambuzi wa Kisa cha The Blair Witch Project

Oktoba 1994 wanafunzi watatu wa filamu wanaingia msituni karibu na mji mdogo wa Burkittsville, jimbo la Maryland, Marekani. Wanakwenda kurekodi filamu ya hali halisi juu ya mchawi anayesimuliwa na wenyeji. Hawarudi. Mwaka mmoja baadaye kanda zao zinapatikana. Hayo ndiyo maandishi yanayofungua The Blair Witch Project, filamu iliyoingia kwenye kumbi za sinema Julai 1999, na yote ni ya kubuni. Hakuna wanafunzi waliopotea, hakuna kanda iliyookotwa, na yule mchawi Elly Kedward anayedaiwa kufukuzwa kijijini mwaka 1785 alitungwa na waongozaji wenyewe, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez.

Watu wakiizungumzia filamu hii huanza na mchawi, ilhali mchawi haonekani hata mara moja. Kwangu mimi, kinachotisha humu ni kufichwa. Wahusika hawajui waliko, na kila mmoja wao anamficha mwenzake jambo. Waigizaji walioigiza kisa hicho hawakuambiwa kitakachowapata usiku. Watazamaji wa kwanza waliachwa waamini kwamba wanatazama siku za mwisho za watu waliokufa kweli. Na waigizaji wale wale walikuja kugundua, fedha zilipoanza kumiminika, kwamba walikuwa wametia saini karatasi bila kujua zilibeba nini. Ukikifuata kisa kutoka msituni hadi kwa mawakili, unakuta mchezo ni ule ule: mmoja anajua, mwingine amefungwa macho.

Msituni

Kiongozi wa safari ni Heather Donahue. Wazo la filamu ni lake na ramani iko mikononi mwake. Joshua Leonard anabeba kamera ya mkanda wa milimita 16, Michael Williams anashika vyombo vya sauti, na Heather ana kamera yake ndogo ya video ambayo haizimi karibu saa zote. Wahusika wamepewa majina halisi ya waigizaji. Wakati ule lilionekana jambo dogo.

Kabla ya kuingia msituni wanawahoji watu wa mjini. Mmoja anasimulia habari za Rustin Parr, mtu aliyeishi peke yake msituni na kuua watoto saba miaka ya 1940. Aliwachukua wawili wawili. Mmoja alisimamishwa kwenye kona, uso ukutani, huku mwenzake akiuawa, kwa sababu Parr hakuweza kuvumilia kutazamwa. Maneno hayo yanapita upesi katikati ya porojo za wazee na watoto, na asiyeyashika hataelewa picha ya mwisho ya filamu.

Msitu wenyewe, ukiutazama kwa makini, hautishi. Miti ni myembamba, majani ya vuli yamelala chini, mwanga unapenya hadi ardhini. Sehemu kubwa ilirekodiwa katika hifadhi ya Seneca Creek, wilaya ya Montgomery, kaskazini-magharibi mwa jiji la Washington. Ni hifadhi yenye njia za kutembelea na vitongoji vya watu pembeni yake. Heather mwenyewe anawaambia wenzake kwamba Marekani ya leo ni vigumu kupotea, na ni vigumu zaidi kuendelea kupotea. Ana haki ya kusema hivyo. Ndiyo maana siku zinavyozidi kupita bila kuiona barabara, mtazamaji anaanza kupata wasiwasi ambao wasafiri waliokwama jangwani au kwenye theluji wasingempa. Hapa msaada unapaswa kuwa nyuma ya kilima kinachofuata, na kila wakivuka kilima kuna miti tu.

Kosa la kwanza katika safari hii ni la Heather, na si lile analolaumiwa. Tangu siku ya pili anaonekana wazi kuwa na mashaka na njia. Anaisoma ramani, ananyamaza, anaigeuza, kisha anawaambia wenzake anajua kabisa walipo. Anasema hivyo tena na tena. Nia yake ni njema: hataki wakate tamaa, na anataka filamu yake imalizike. Lakini kuanzia hapo Josh na Mike wanatembea wakiamini jambo ambalo hata aliyelisema haliamini. Wanapogundua kuwa gari haliko pale walipoahidiwa, imani inavunjika yote kwa mkupuo, na hata maneno yake ya kweli hayasikilizwi tena.

Kisha ramani inapotea. Heather anaitafuta mfukoni, anaitafuta kwenye begi, anawauliza. Wanamjia juu, kwani si yeye aliyekuwa nayo? Wanaendelea kutembea bila ramani. Saa kadhaa baadaye Mike anaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyechoka vibaya, kisha anakiri: ni yeye aliyeipiga teke jana yake ikaenda na maji ya kijito, kwa sababu haikuwa inawasaidia chochote. Wenzake wanamrukia. Kamera inayumba, watu watatu wanapiga kelele kwa wakati mmoja, na sauti ya Heather inapasuka kama ya mtu aliyeibiwa.

Narudia kuitazama sehemu hii kuliko nyingine zote. Hakuna mzimu hapo wala damu. Kuna kijana mwenye njaa ambaye amechoka kudanganywa na kiongozi wake, na badala ya kusema "tukae chini tuisome ramani sote watatu", ameangamiza chombo pekee kilichokuwa kinampa yule kiongozi madaraka. Kisha akakaa kimya na kumwacha mwenzake atukanwe kwa kosa ambalo si lake. Heather aliwaficha wenzake mashaka yake. Mike akawaficha alichokifanya. Kuanzia hapo kundi halina kiongozi wala wafuasi, na yeyote aliye nje ya hema usiku ule, awe binadamu au kitu kingine, ameikuta kazi imeshafanyika nusu.

Ajabu ni kwamba watazamaji wengi humtaja Heather kuwa ndiye aliyewaponza wenzake. Nimeyasikia mara nyingi: mwanamke mbishi, mkaidi, hakuacha kurekodi. Ukaidi anao. Ila ramani hakuitupa yeye, na hata baada ya kupotea ni yeye anayeshauri, anayehesabu chakula, anayesisitiza waendelee kushika mwelekeo mmoja. Mike anasamehewa upesi na watazamaji kwa sababu alicheka na kukiri. Heather hajasamehewa mpaka leo, na nitalirudia jambo hilo kwa sababu lilimfuata muigizaji mwenyewe nje ya filamu.

Waokoaji wa watu porini hufundisha kwamba ukishajua umepotea, simama. Kaa mahali pamoja, jikinge na baridi, fanya uonekane. Hawa watatu hawasimami. Wanakwenda kusini siku nzima, na jioni wanatokea kwenye kijito chenye gogo lililolala juu yake. Ni gogo lile lile walilolivuka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Heather analia waziwazi, na safari hii hata Josh na Mike hawana nguvu ya kumsema.

Sayansi ina la kusema hapo. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha utafiti ambamo watu waliambiwa watembee moja kwa moja katika msitu wa Bienwald, Ujerumani, na wengine katika jangwa la Sahara upande wa Tunisia, huku nyayo zao zikifuatwa kwa vifaa vya GPS. Jua likionekana, walishika mwelekeo vizuri. Siku ya mawingu msituni walizunguka, wakakatiza njia zao wenyewe bila kujua, huku wakiamini wananyoosha. Waliofungwa kitambaa machoni walifanya miduara midogo mno, mingine yenye kipenyo cha mita 20 hivi. Ile nadharia ya mtaani kwamba mtu huzunguka kwa sababu mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine haikupata nguvu, kwa kuwa mtu yule yule aliweza kupinda kushoto mara hii na kulia mara nyingine. Kosa dogo la kila hatua linajilimbikiza, na bila alama ya nje ya kumsahihisha, mtembeaji hana namna ya kulijua.

Kwa hiyo kurudi kwenye gogo si muujiza. Ila Heather ana dira, na dira ni alama ya nje. Mtu anayefuata dira kwenda kusini siku nzima katika msitu wa Maryland anapaswa kukutana na barabara, uzio au bustani ya mtu. Basi ama hawakuifuata kwa uaminifu, jambo linalowezekana kwa watu waliochoka na wanaozozana, ama msitu wenyewe umekataa. Filamu haituonyeshi dira kwa muda wa kutosha kuamua. Wanaosema ni mchawi wana ushahidi, na wanaosema ni njaa na hasira wana ushahidi ule ule. Mimi niko upande wa njaa na hasira mpaka wanapofika kwenye nyumba mbovu ya mwisho wa filamu. Baada ya hapo sina hoja.

Matukio ya usiku yanajulikana na wengi, nitayapita haraka. Matawi yanavunjika gizani pande zote za hema. Asubuhi wanakuta mafungu matatu ya mawe nje, nao ni watatu. Wanafika mahali ambapo sanamu za vijiti zilizofungwa umbo la mtu zinaning'inia mitini kwa wingi. Usiku mwingine sauti za watoto zinasikika, hema linatikiswa kwa nguvu, wanakimbilia gizani.

Kisha Josh anatoweka. Usiku uliofuata wanamsikia akilia mbali, na asubuhi Heather anakuta nje ya hema fungu la vijiti lililofungwa kwa kipande cha shati la Josh. Analitupa, baadaye anarudi kulifungua akiwa peke yake. Ndani kuna kitambaa chenye damu, nywele na meno. Anatetemeka, anajizuia asipige kelele, na Mike anapomuuliza anasema hakuna kitu. Tayari wamebaki wawili, maji yamezidi unga, na bado mmoja anaamua nini mwenzake ajue. Wakati huu siwezi kumlaumu. Angemwambia nini?

Watatu msituni kweli

Urekodi ulianza Oktoba 23, 1997, ukachukua siku 8. Myrick na Sánchez walikuwa wamesoma filamu katika Chuo Kikuu cha Central Florida, na pamoja na wenzao waliunda kampuni ndogo ya Haxan Films. Walichoandika kilikuwa muhtasari wa kurasa 35 hivi usio na mazungumzo. Waigizaji walitafutwa kwa usaili wa kubuni papo hapo. Uliingia chumbani, ukaambiwa bila salamu kwamba umetumikia miaka 7 ya kifungo cha miaka 9, eleza kwa nini uachiliwe. Aliyejibu mara moja kama mfungwa alibaki. Aliyeuliza maelekezo alishukuriwa na kuondoka.

Msituni waongozaji hawakutembea na waigizaji. Waliwapa kifaa cha GPS chenye vituo vilivyowekwa tayari. Wakifika kituoni waliacha kanda zilizorekodiwa, wakachukua betri, chakula, na vikopo vidogo vya filamu vyenye karatasi, kila mmoja kikopo chake. Maagizo ya Josh hayakusomwa na Mike wala ya Mike na Heather. Mmoja angeweza kuambiwa leo umechoka na uongozi wa Heather, usikubali tena. Mwingine angeambiwa mtetee. Walipogombana, kila mmoja alikuwa akikutana na hasira ya mwenzake kwa mara ya kwanza. Usiku timu ya watayarishaji ilinyemelea hemani. Wazo la kuwafuata hivyo lilitokana na mtayarishaji Gregg Hale, aliyekuwa mwanajeshi, akikumbuka mafunzo ambayo askari huwindwa porini na wenzao wanaojifanya maadui.

Chakula kilipunguzwa kadiri siku zilivyokwenda. Zile sauti za watoto zilikuwa zimerekodiwa na zilipigwa kwa redio ya kanda gizani. Hema lilitikiswa na watu wa timu, nao waliokuwa ndani hawakuwa wameambiwa. Unachokiona usoni mwao ni mshtuko wa mtu aliyelala nusu usingizi, mwenye baridi, ambaye ametikiswa na mikono asiyoiona. Walikuwa na neno la siri la kutoka kwenye uigizaji pale mtu anapozidiwa, na walijua wako kazini. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu kuna wanaosimulia kana kwamba walitekwa. Walikubali kutojua. Walichokubali kilikuwa kikubwa kuliko kinavyoonekana kwenye tangazo la kazi.

Lipo tukio moja la usiku huo ninalolipenda kwa namna yake. Wakikimbia, Heather anapiga kelele akiuliza ni kitu gani kile, akitazama upande ambao hatuuoni. Palikuwa na kitu kweli. Mmoja wa timu, Ricardo Moreno, alikuwa amesimama pale amevaa nguo nyeupe za ndani, kichwani amejivisha soksi ndefu nyeupe. Kamera ilipaswa kumgeukia. Haikugeuka. Katika hofu na mbio zile aliyeishika aliendelea kukimbia, na umbo lililoandaliwa halikuingia kwenye kanda hata kidogo. Bahati iliyoje! Mtu aliyevaa soksi kichwani angechekesha ukumbi mzima. Kilichobaki ni sauti ya mwanamke aliyeona, na sisi tuliofichwa.

Bahati ya namna hiyo ilitokea tena katika picha maarufu kuliko zote. Heather amejirekodi peke yake gizani, akiwaomba radhi mama yake, mama yake Josh na mama yake Mike, akisema ni kosa lake kwa sababu ilikuwa filamu yake na yeye ndiye aliyesisitiza. Alidhani uso wake wote umo kwenye picha. Lenzi ilikuwa imesogezwa karibu mno, kwa hiyo tunaona jicho, kofia, na kamasi inayomtiririka puani bila kufutwa. Maneno yale hayakuandikwa na mtu; ni yake. Muigizaji wa kawaida angejua upande gani wa uso unapendeza, na angefuta pua.

Saa 20 hivi za kanda zilikatwa kwa miezi mingi mpaka zikabaki dakika 81. Muziki karibu haumo. Kampuni iliyoinunua ilihofia kwamba watu hawataelewa mwisho, ule ambao Heather anashuka chini ya nyumba mbovu na kumkuta Mike amesimama konani, uso ukutani, kisha kamera inaanguka. Miisho mingine ikarekodiwa ili ijaribiwe. Waongozaji wakashikilia ule wa kwanza na kuongeza yale mahojiano ya Rustin Parr na kona mwanzoni. Walifanya vyema. Mtazamaji alipewa ufunguo mapema mno hata akasahau anao, na ndiyo mara pekee katika kisa hiki chote ambapo aliyejua alimgawia asiyejua.

Waliotangazwa wafu

Januari 1999 filamu ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, jimbo la Utah. Mabango ya watu waliopotea yenye sura za waigizaji watatu yalibandikwa. Kampuni ya Artisan Entertainment iliinunua kwa dola milioni 1.1 hivi. Tayari palikuwa na tovuti yenye picha za "ushahidi", historia ya mchawi iliyopangwa mwaka kwa mwaka, na taarifa za upekuzi wa polisi. Intaneti ilikuwa bado changa majumbani, na wengi hawakuwa wamezoea kwamba tovuti nzima inaweza kuwa uongo uliopangwa. Kwenye kanzidata mashuhuri ya filamu waigizaji waliorodheshwa kuwa wamepotea, wakidhaniwa wamekufa. Kituo cha televisheni cha Sci-Fi kikaonyesha kipindi kilichojifanya uchunguzi wa habari juu ya kisa hicho.

Ili uongo usimame, wafu walipaswa kujificha. Filamu ilipokuwa inavuma, waigizaji waliwekwa mbali na matangazo. Fikiria kijana aliyehangaika miaka kupata nafasi. Filamu yake ni gumzo la nchi nzima, naye hatakiwi kuonekana yuko hai. Mama yake Heather alipokea kadi za rambirambi. Burkittsville, mji wenye watu wasiozidi mia mbili hivi, ulivamiwa na wageni waliokuja kumtafuta mchawi, na vibao vyenye jina la mji vikaibwa.

Gharama ya awali ya kurekodi hutajwa kuwa karibu dola 60,000. Kazi ya baadaye ya kuhariri, sauti na matangazo iliipandisha sana. Mapato duniani yalikaribia dola milioni 248. Filamu iliyorekodiwa na waigizaji wenyewe, kwa maneno yao wenyewe, kwa majina yao wenyewe, ikawa moja ya filamu zilizoleta faida kubwa kuliko zote ukilinganisha na gharama.

Heather naye akapewa Razzie, ile tuzo ya kejeli ya muigizaji mbaya kuliko wote wa kike wa mwaka. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wasioelewa waliona mwanamke anayepiga kelele na kulia, wakamhukumu kwamba hajui kuigiza, kwa sababu waigizaji wanaojua hulia kwa mpangilio. Lawama walizombebesha mhusika kwa sababu ya ramani ambayo hakuitupa wakazihamishia kwa mwanamke mwenye jina lile lile. Na angejitenga vipi na mhusika? Jina lilikuwa limekwenda na filamu. Baadaye aliacha uigizaji, na mwaka 2020 akabadilisha jina lake akawa Rei Hance.

Karatasi walizotia saini

Hili la majina si la hisia tu. Mkataba wa filamu ndogo isiyotarajiwa kufika popote ulikuwa umeachia matumizi ya majina na sura zao kwa upana ambao hakuna aliyeufikiria. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2000, waigizaji walikwenda mahakamani kuhusu matumizi hayo, na jambo likamalizwa kwa maelewano. Kabla ya hapo, mapato ya filamu yakiwa yameshapita mamilioni yasiyohesabika kwa mtu wa kawaida, walichotumiwa kama pongezi, kwa maelezo yao, kilikuwa kikapu cha matunda.

Wapo watakaosema walitia saini, yakaisha. Sheria inaweza kusema hivyo. Lakini nikiangalia kilichofanyika msituni sioni namna ya kukitenganisha na kilichofanyika ofisini. Filamu ilihitaji watu wasio na majina, wasio na mawakala, ambao sura zao hazijulikani. Bila hivyo nani angeamini kwamba ni wanafunzi waliopotea? Kutojulikana kwao kulikuwa mtaji wa kazi nzima, na kutojulikana kule kule ndiko kulikowafanya wakae mezani bila mtu wa kuwasomea mkataba. Waongozaji waliwanyima ratiba ya usiku na kuwapa neno la siri la kusimamisha kazi. Kwenye mkataba hapakuwa na neno kama hilo.

Aprili 2024 kampuni ya Lionsgate, ambayo sasa ndiyo mmiliki, ilitangaza kushirikiana na Blumhouse, kampuni ya filamu za kutisha, kutengeneza filamu mpya ya Blair Witch. Hance (yule Heather Donahue), Leonard na Williams wakaandika barua ya wazi. Waliomba walipwe mirabaha ya miaka iliyopita na ijayo, kwa kiwango ambacho wangestahili kupitia chama cha waigizaji kama wangekuwa na uwakilishi wakati ule. Waliomba washauriwe kwa dhati pale majina au sura zao zinapotarajiwa kutumika, kwa kuwa wao wanazijua nyuso hizo kuliko mtu mwingine. Waongozaji na watayarishaji wa filamu ya kwanza wakatoa tamko la kuwaunga mkono, jambo ambalo wangeweza kulikwepa.

Ombi la tatu halikuwa la kwao. Waliitaka Lionsgate itoe kila mwaka dola 60,000, kiasi kile kile wanachokitaja kuwa bajeti ya filamu yao, kwa mtengeneza filamu chipukizi asiyejulikana ili arekodi filamu yake ya kwanza. Wakaweka sharti kwamba fedha hizo ziwe ruzuku, zisiwe mfuko wa maendeleo wa kampuni. Maana yake Lionsgate isimiliki chochote ambacho huyo kijana atakitengeneza.